Jibu kwa msomaji: Babu mchungaji wa Oregon na Biblia ya mama mkwe

Swali: Mimi ni Mkenya niliyeolewa Marekani. Ukoo wa mume wangu uko Oregon na Idaho tangu zamani. Mama mkwe wangu, aliyezaliwa miaka ya 1950, ana Biblia kubwa yenye majina ya waliozaliwa, waliooana na waliofariki. Husema babu wa babu yake alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri, mmoja wa wale wa kwanza kuvuka milima, "jamaa ya akina Whitman na Spalding", na kwamba alipanda farasi wakati wa baridi kali kwenda kwa Rais ili Oregon isichukuliwe na Waingereza. Binti yangu amepewa kazi shuleni ya kuchora mti wa ukoo. Tuandike nini, na tuanzie wapi?

Jibu: Dada, kabla binti hajachora tawi hata moja, tumshushe kwanza huyo mpanda farasi. Aliyesafiri katika baridi ya 1842 kuelekea mashariki ni Marcus Whitman, na Whitman alikuwa daktari. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa. Uchungaji hakuwahi kuwekewa mikono. Yeye na mkewe Narcissa walipata mtoto mmoja tu, Alice Clarissa, aliyezaliwa Machi 14, 1837, tarehe ileile aliyozaliwa mama yake, naye akazama mtoni Juni 1839. Wazazi wenyewe waliuawa Novemba 29, 1847 na Wakayuse, wenyeji wa eneo lile, katika misheni yao ya Waiilatpu, karibu na mji wa leo wa Walla Walla. Kwa hiyo Marcus Whitman hana mjukuu wala kitukuu popote duniani. Mtu akisema ana undugu naye, undugu huo unapitia kwa ndugu zake Marcus, au kwa ndugu za Narcissa ambao ni wa ukoo wa Prentiss, au unapitia kwa watoto waliolelewa nyumbani kwao.

Hao wa kulelewa ndio huwapoteza watu wengi. Mwaka 1844 Whitman na mkewe walipokea watoto saba wa familia ya Sager, ambao baba na mama yao walikuwa wamefia njiani katika safari ya magari ya ng'ombe. Wavulana wawili, John na Francis, waliuawa mwaka 1847, na mdogo wao mmoja akafa kwa surua siku hizohizo. Catherine, Elizabeth na Matilda waliishi hadi uzee wakawa na familia zao. Mjukuu wa Catherine angeweza kusema kwa haki kabisa, "Bibi yangu alilelewa na akina Whitman." Ongeza vizazi viwili na hilo "alilelewa" limeshadondoka njiani, limebaki jina peke yake. Mle ndani walikuwamo pia Mary Ann Bridger na Helen Mar Meek, mabinti wa wawindaji mashuhuri wa milimani, Jim Bridger na Joe Meek, ambao mama zao walikuwa wenyeji wa nchi ile. Nyumba ya misheni haikuwa nyumba ya damu moja, na orodha ya waliolala humo haichoreki kama mti wa ukoo.

Spalding ni jambo jingine. Huyo alikuwa mchungaji kweli, alizaa, na watoto wake wanne walifikia utu uzima. Nitakaa kwake kidogo kwa sababu nyumba yake inaonyesha karibu kila mtego utakaokutana nao, hata kama mwishowe utagundua babu yenu ni mtu mwingine kabisa.

Henry Harmon Spalding alizaliwa mwaka 1803 katika jimbo la New York, nje ya ndoa. Mama yake alimtoa akalelewe na watu wengine, na alipofika miaka 17 mlezi wake akamfukuza nyumbani. Alianza masomo ya maana akiwa mtu mzima. Katika kanisa la Prattsburgh alikuwa muumini pamoja na Narcissa Prentiss, yule aliyekuja kuwa mke wa Whitman, na inasimuliwa kwamba alimposa akakataliwa. Kisha mwaka 1836 wakavuka bara zima katika msafara mmoja, Spalding na mkewe, Whitman na mkewe, miezi kadhaa kambi moja. Historia za kanisa hulipita hilo haraka haraka. Mimi naona linaeleza mambo mengi kuhusu ugomvi uliofuata baina ya misheni zao.

Mke wa Spalding, Eliza Hart, alizaliwa Connecticut mwaka 1807. Walifahamiana kwanza kwa barua, wakaja kuonana baadaye, wakaoana Oktoba 1833 huko Hudson, Ohio. Henry akasoma teolojia katika seminari ya Lane, Cincinnati, akawekewa mikono na presbiteri (baraza la wachungaji na wazee wa eneo) ya Bath mwaka 1835. Mwaka huohuo Eliza alijifungua mtoto mfu. Mwaka uliofuata akavuka milima ya Rocky yeye na Narcissa, wanawake wa kwanza wa Kizungu kutoka Marekani kupita njia ile ya nchi kavu, na Novemba 1836 yeye na mumewe wakaanzisha misheni ya Lapwai kati ya wenyeji walioitwa Nez Perce, katika Idaho ya leo. Hapo akazaliwa Eliza mdogo Novemba 15, 1837, kisha Henry Hart mwaka 1839, Martha Jane mwaka 1845 na Amelia mwaka 1846.

Mtazame huyo mvulana. Hart, jina lake la kati, ni ukoo wa mama yake. Wamarekani wa karne ile walifanya hivyo mara nyingi, na katika Biblia ya mama mkwe wako majina ya kati ndiyo ya kusoma kwanza, maana wake wengi wameandikwa "Mary, mkewe" basi, na ukoo wao umehifadhiwa katika jina la kati la mtoto wa pili au wa tatu. Lakini fahamu pia kwamba watu waliwapa watoto majina ya wachungaji na wamisionari waliowaheshimu, na waliobatizwa walichukua majina ya waliowabatiza, jambo ambalo wewe wa Kenya huhitaji kuelezwa. Mtu kuitwa Marcus Whitman au Henry Spalding kunaonyesha nani alisifiwa nyumbani mwaka alipozaliwa. Damu ni habari nyingine.

Sasa fanya hesabu ya vizazi. Mama mkwe wako amezaliwa miaka ya 1950. Rudi vizazi vinne nyuma, kila kimoja miaka 30 hivi, na babu wa babu yake anaangukia karibu 1830. Mtu wa umri huo alikuwa mtoto wa shule Spalding alipovuka milima. Akiwa alichunga kanisa Oregon, basi ni baada ya 1850 hivi, na hilo linakufaa sana, kwa sababu wakati huo karatasi zilikuwa zimeanza kuandikwa vizuri. Kanisa la Kipresbiteri la Clatsop Plains, karibu na mdomo wa mto Columbia, lilianzishwa mwaka 1846 na mchungaji Lewis Thompson. Mwaka 1851 presbiteri ya Oregon iliundwa na wachungaji watatu tu, akiwamo Thompson. Watatu! Anayedai babu yake alikuwa "mmoja wa wa kwanza" katika kanisa lile anadai jambo linalohakikishwa kwa dakika kumi.

Wewe umekulia mazingira ya PCEA, Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, au umeyaona kwa jirani, kwa hiyo unajua tabia ya kanisa hili: mchungaji hajitokezei tu. Ana presbiteri iliyompima, iliyomwekea mikono, iliyompa barua alipohama, na iliyoandika alipokufa. Marekani ilikuwa hivyohivyo. Kila mwaka Mkutano Mkuu, baraza la juu kabisa la kanisa, ulichapisha kitabu chenye majina ya wachungaji wote, presbiteri zao na mahali pa kupelekewa barua. Vitabu vingi kati ya hivyo vimeskaniwa na vinasomeka bure mtandaoni. Seminari nazo, Princeton, Auburn, Lane na nyinginezo, zilichapisha orodha za wahitimu zenye mwaka na mahali pa kuzaliwa, makanisa waliyotumikia na tarehe ya kufa. Hifadhi kuu ya kumbukumbu za kanisa iko Philadelphia, katika Presbyterian Historical Society iliyoanzishwa mwaka 1852, na wafanyakazi wake hujibu maswali ya koo kila siku.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaoanza na tovuti za miti ya ukoo. Kwa mkulima, sawa, anza na familia. Kwa mchungaji, anza na kazi yake. Miti ya mtandaoni hunakiliana kosa moja mara mia. Kumbukumbu za presbiteri ziliandikwa na katibu aliyekuwepo kikaoni, mbele ya watu ambao wangemsahihisha.

Usipomkuta katika orodha hizo, usiwaambie wakwe kwamba babu alikuwa mwongo. Huenda alikuwa mzee wa kanisa, au mhubiri asiyewekewa mikono, na wajukuu wakampandisha cheo. Huenda pia unatafuta katika kanisa lisilo lake, kwani Wapresbiteri wa karne ya 19 walikuwa na vipande vingi. Wa Cumberland walijitenga Tennessee mwaka 1810, wakawa na watu wengi hasa katika maeneo mapya ya magharibi, na hifadhi yao iko Memphis. Mwaka 1837 kanisa kubwa likagawanyika kuwa la Mkondo wa Kale na la Mkondo Mpya, kila moja na Mkutano Mkuu wake na vitabu vyake, hadi walipoungana tena 1869. Wa kusini wakajitenga vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861. Tena tangu 1801 palikuwa na mapatano yaliyowaruhusu Wapresbiteri na Wakongrigeshonali kuchungiana makanisa huko magharibi, hivyo mtu mmoja anaweza kuonekana katika madaftari ya pande zote mbili bila kubadili imani hata chembe.

Barua ndizo tamu kuliko vyote. Wamisionari kama Spalding walitumwa na bodi ya Boston, American Board of Commissioners for Foreign Missions, na barua zao ziko Chuo Kikuu cha Harvard. Wachungaji wa kawaida wa maeneo mapya walilipwa sehemu ya mshahara na American Home Missionary Society iliyoundwa 1826, na ili walipwe walilazimika kuripoti kila miezi mitatu. Karatasi hizo ziko Amistad Research Center, New Orleans. Mchungaji anaanza na idadi ya waumini, anamalizia na mke anayeumwa, mtoto aliyezaliwa, ng'ombe aliyekufa, na ombi la koti. Kwa mtafiti wa ukoo aya ya mwisho ndiyo yenye mali.

Serikali pia iliandika, ila ujue mipaka yake. Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kutaja kila mtu huru kwa jina, na eneo la Oregon lilihesabiwa. Kabla ya hapo alitajwa mkuu wa kaya tu. Sensa ya 1880 ndiyo ya kwanza kusema kila mtu ana uhusiano gani na mkuu wa kaya, na inataja wazazi wake walizaliwa wapi. Ya 1890 usiihangaikie, karibu yote iliharibiwa na moto wa Washington mwaka 1921. Vyeti vya kuzaliwa na kufa vya jimbo zima Oregon havikuanza hadi 1903. Lakini Oregon ina hazina ambayo majimbo mengi hayana: sheria ya ardhi ya 1850. Mwanamume aliyekuwa tayari ameishi pale alipewa ekari 320, akiwa na mke ekari 640, nusu ikiwa mali ya mke kwa jina lake mwenyewe. Ili wapate mgawo huo iliwabidi waape walizaliwa lini na wapi, na walioana lini na wapi. Mchungaji au mkulima, aliyefika mapema akataka ardhi alijaza fomu. Faili hizo zitakupa tarehe ya ndoa iliyofungwa Ohio au Missouri ambayo huko kwenyewe imepotea.

Turudi kwenye farasi, maana najua mama mkwe ataliuliza hilo kwanza. Februari 1842 bodi ya Boston, iliyochoshwa na malalamiko ya wamisionari dhidi ya wenzao, iliandika barua ya kufunga vituo vya Waiilatpu na Lapwai na kumrudisha Spalding nyumbani. Whitman alikwenda Boston kuomba amri ile ibatilishwe, akafanikiwa. Alipita Washington kweli, na aliporudi alifuatana na msafara mkubwa wa wahamiaji wa 1843. Miaka zaidi ya 20 baadaye, Whitman akiwa kaburini, ikaanza kuenea hadithi kwamba alikwenda kumzuia Rais asiwaachie Waingereza Oregon. Msimulizi wake mkubwa, katika magazeti na mihadhara, na mwaka 1871 hadi katika nyaraka za Seneti, alikuwa Henry Spalding, yaani yuleyule ambaye kufukuzwa kwake ndiko kulikomlazimu Whitman apande farasi. Mwanahistoria Edward Bourne wa Yale aliichambua hadithi hiyo kati ya 1900 na 1901 kwa kulinganisha na barua za wakati wenyewe, ikaporomoka vitabuni, lakini sebuleni inaishi mpaka leo, na katika kuishi imehama kutoka kwa Whitman ikawaingia mababu wengine wengi. Nadhani ndivyo ilivyofika kwenu.

Jiwe la kaburi nalo usilisujudie. Eliza Spalding alifariki Januari 7, 1851 huko Brownsville, Oregon, na jiwe lake liliandikwa kwamba siku zote aliamini wamisionari wa Kijesuiti ndio chanzo kikuu cha mauaji ya Waiilatpu. Hayo ni maneno ya mumewe akimsemea marehemu. Ukweli wa siku zile ni mzito zaidi: surua ilikuwa imewaua Wakayuse wengi, watoto hasa, huku watoto wa Kizungu waliotibiwa na daktari yuleyule wengi wakipona, na ardhi ilikuwa ikijaa wahamiaji kila mwaka. Na padri Mkatoliki Brouillet ndiye aliyemwonya Spalding njiani akaokoka. Kwenye jiwe lolote chukua tarehe kwa tahadhari, na maelezo kama maoni ya aliyelilipia. Tena kaburi linahama: mabaki ya Eliza yalipelekwa Lapwai mwaka 1913 akazikwa tena kando ya mumewe, aliyefariki huko Agosti 1874. Henry alikuwa ameoa tena mwaka 1853, mke aliyeitwa Rachel Smith, kwa hiyo ukikuta "Mrs. Spalding" katika karatasi ya 1860, huyo si mama wa watoto wale.

Eliza mdogo, binti mkubwa, ndiye ningetaka binti yako amjue. Siku ya mauaji alikuwa Waiilatpu akisoma shule, umri wake miaka kumi, na kwa kuwa alikua akiongea Kinez Perce kama lugha ya nyumbani, mateka na watekaji wote walimtumia kuwa mkalimani mpaka Peter Skene Ogden wa Hudson's Bay Company, kampuni ya Waingereza ya biashara ya manyoya, alipowakomboa mateka kwa kulipa bidhaa. Akaolewa mwaka 1854 na Andrew Warren akiwa na miaka 16. Mwaka 1916, mwanamke mzee sasa, alichapisha kumbukumbu zake pamoja na shajara ya mama yake. Uzao wake unajiita Warren na majina ya wakwe wengine, kwa hiyo anayetafuta ndugu wa Spalding kwa jina la Spalding peke yake anawaacha nje wazao wa mabinti watatu kati ya watoto wanne.

Kuna mlango mwingine ambao wakwe zako huenda hawajaufikiria. Umesema Idaho. Spalding aliandika katika daftari la kanisa lake ubatizo wa Tuekakas na Tamootsin mwaka 1839, wakuu wa Nez Perce waliopewa majina ya Joseph na Timothy. Wa kwanza ni baba wa Chief Joseph anayetajwa katika kila kitabu cha vita vya 1877 kati ya Nez Perce na jeshi la Marekani. Spalding alikuwa mkali, na wenyeji walichapwa viboko katika misheni yake. Hilo binti atalikuta akisoma, afadhali alisikie kwako. Hata hivyo kanisa lilibaki mikononi mwa Nez Perce wenyewe. Kuanzia 1873 Sue McBeth aliwafundisha wanaume wao uchungaji, na Robert Williams akawekewa mikono 1879, wa kwanza kati ya wengi. "Babu mchungaji wa Kipresbiteri wa Idaho" wa karne ya 19 anaweza kabisa kuwa mmoja wao. Muulize mama mkwe kwa upole, faraghani, kama kuna tawi ambalo wazee hawakupenda kulitaja. Huko Marekani matawi ya namna hiyo yalifichwa mara nyingi kuliko yalivyosemwa.

Na Biblia? Fungua ukurasa wa jina la kitabu utazame mwaka wa kuchapishwa. Biblia iliyochapishwa 1870 yenye kuzaliwa kwa 1828 imenakiliwa kutoka kwingine au kutoka kichwani. Majina kumi yenye mwandiko mmoja na wino mmoja yaliandikwa siku moja. Majina yenye miandiko inayobadilika yaliandikwa mambo yalipotokea, na hayo ndiyo ya kuaminiwa zaidi. Piga picha kila ukurasa wa kumbukumbu, ambazo kwa kawaida ziko kati ya Agano la Kale na Agano Jipya, pamoja na kila karatasi na kipande cha gazeti kilichobanwa ndani. Usizinyooshe kwa pasi, tafadhali.

Mti wa shule uanze na binti yako na upande kizazi kwa kizazi hadi pale karatasi zinapoishia. Hapo achore mstari wa nukta, aandike "familia husimulia kwamba", na jina la bibi aliyesimulia pamoja na tarehe. Mwalimu mzuri atampa alama kwa mstari ule wa nukta. Wewe niletee kutoka kwenye Biblia jina kamili la babu huyo, la mkewe na majina ya kati ya watoto wao, na kama lipo jina la kanisa au la mji hata mmoja, tutafungua vitabu vya Mkutano Mkuu vya kati ya 1850 na 1880 tuone alikuwa presbiteri gani.